Fibromialjia na PHQ-9: alama 14 ni sonona au ni maumivu?

tabibu_kliniki: Wakuu, mgonjwa wa fibromialjia (maumivu ya mwili mzima ya muda mrefu), mama wa makamo, amejaza PHQ-9 ya Kiswahili (maswali tisa ya kupima sonona, kila moja alama 0 hadi 3), jumla 14. Usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini vimempa 11 kati ya hizo. Swali la 1 (kukosa hamu ya mambo), la 2 (huzuni) na la 8 (kuwa mzito au kutotulia) ana 1 kila moja, la 9 (kuwaza kufa au kujidhuru) sifuri. Usiku anameza amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25. Nimtibu sonona? Dozi niipandishe?

muuguzi_akili: Jumla itakudanganya, maana hayo manne huletwa na fibromialjia yenyewe. Shikilia swali la 1 na la 2: kwa sonona kamili, angalau moja lifike 2. Muulize, siku maumivu yakilegea, kwaya au biashara yake inamvuta? Ikiwa hata siku hizo hakuna kinachomvuta, hapo sonona inawezekana zaidi. Pima na TSH (kipimo cha damu cha tezi ya shingo), kwani tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo huleta uchovu na huzuni vilevile.

Swali la 9 lirudie kwa mdomo, ndugu akiwa nje. Wengi hawaandiki ukweli mbele ya aliyewasindikiza. Akisema anawaza kujiua, asirudi nyumbani peke yake. Aonwe na daktari wa akili siku hiyohiyo, na dawa azitunze mtu mwingine. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na kuua.

mfamasia_zamu: Miligramu 12.5 ni za usingizi na maumivu. Za sonona huanzia kama 75, na wengi huziacha kwa mdomo kukauka, choo kigumu na kizunguzungu. Ikithibitika sonona, duloksetini inagusa sonona na maumivu pia: 30 kwa wiki moja, kisha 60, baada ya chakula kwa sababu ya kichefuchefu. Mwambie mapema kuwa huzuni huchukua wiki kadhaa kupungua, la sivyo ataiacha. Duloksetini na fluoksetini (dawa nyingine ya sonona) zote hupandisha amitriptilini mwilini, kwa hiyo usiziunganishe bila kupanga. Hakikisha pia hanunui tramadoli, dawa ya maumivu, dukani: pamoja na hizo inaweza kuleta degedege.

fiziotiba: Dawa tupu hazitoshi. Siku ya nafuu mgonjwa hufua nguo zote, kesho hainuki, anakata tamaa. Aanze kutembea dakika 10 kila siku, ziwe zilezile siku nzuri na mbaya, aongeze dakika 2 kila wiki. Na tafadhali, asiambiwe "vipimo safi, huna kitu". Maumivu ni ya kweli. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoyakuza.