Naombeni ushauri: wenzangu wanataka nigombee umeya, sina chama wala pesa

Nesi_wa_Zamu
Wakuu habari zenu, naomba mnisome mpaka mwisho maana wiki ya pili hii silali vizuri na hapa nyumbani nimeshawachosha kwa maneno yale yale. Mimi ni nesi, na nje ya kazi nina miaka sita naongoza umoja wa wapangaji. Huku kwetu meya anachaguliwa na wananchi wenyewe, sio madiwani. Sasa juzi wenzangu wamekaa kikao bila kunishirikisha wakaja na karatasi imejaa sahihi, wanataka nigombee umeya uchaguzi ujao, ajenda iwe ile ile tunayoipigania siku zote: kodi za nyumba zisipandishwe hovyo, mabasi ya jiji yawe bure, na watoto wadogo wawe na pa kuachwa mama zao wakienda kazini.

Nilitaka kukataa. Lakini kuna bibi mmoja nilipita kwake, akanitolea risiti zake za kodi kazifunga na mpira, za miaka yote, akaniambia hesabu mwenyewe mwanangu macho yangu yamechoka. Nikahesabu pale pale mlangoni, nikakuta zaidi ya nusu ya pensheni yake inaishia kwa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo sijatulia.

Naomba mnisaidie, niende kama mgombea binafsi au nikapambane kwenye mchujo ndani ya chama? Na kubwa zaidi, naogopa kuahidi kitu halafu kinishinde, maana watu wale wakidanganywa na mimi hawatamwamini mtu mwingine tena.

Kalamu_Nyeusi
Hongera sana dada, kuitwa na watu sio jambo dogo. Njia zote mbili zimeshapitwa na watu wakafika. Bernie Sanders aligombea umeya wa Burlington kule Marekani mwaka 1981 kama mgombea binafsi, akamtoa meya aliyekuwa madarakani kwa kura 10 tu. Kura 10! Hizo ni nyumba nne tano ambazo ungeacha kuzigongea hodi kwa sababu umechoka. Zohran Mamdani yeye, mzaliwa wa Kampala, alipita kwenye mchujo wa chama cha Democratic New York Juni 2025, mwanzoni tafiti nyingine za maoni ya wapiga kura zilikuwa zinampa asilimia 1, akamshinda Andrew Cuomo aliyewahi kuwa gavana, na Novemba akachukua umeya wa jiji.

Kwa hiyo usiulize njia ipi nzuri, uliza sheria za kwenu zinasemaje. New York mchujo wao mpiga kura anapanga wagombea kwa mpangilio anaoutaka, wa kwanza wa pili mpaka wa tano, ndio maana Mamdani na mwenzake Brad Lander waliweza kuombeana kura badala ya kugawana. Na mchango mdogo wa mkazi unaongezewa na jiji dola 8 kwa kila dola 1, ndani ya kiwango walichoweka. Kama kwenu hakuna vitu hivyo basi hesabu yako ni nyingine kabisa.

MamaMapacha
Mdogo wangu mimi nakuambia kama dada, ongea na familia kwanza, tena mkae chini kweli kweli. Mimi nimewahi kugombea udiwani, matusi ya mitandaoni nilijiandaa nayo, ila wanangu kuyasoma sikujiandaa. Gombea, ila tafuta mtu mmoja wa kushika simu yako usiku.

Mchumi_Kijana
Mkuu nakuunga mkono ila mabasi ya bure nani analipa? Usiende kwenye mdahalo bila jibu la hilo.

Fundi_wa_Sera
@Mchumi_Kijana swali zuri. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mabasi ni bure kwa wakazi waliosajiliwa tangu 2013, na kabla ya hapo waliwapigisha wananchi kura. Dunkerque Ufaransa bure tangu 2018. Inawezekana, lakini lazima jiji liwe ndilo linalosimamia mabasi.

Na hapo ndipo nataka dada asome taratibu, maana hofu yako ya ahadi ndiyo kitu cha maana kuliko vyote ulivyoandika. Mwangalie Mamdani tena, ahadi zake zilifanana na zako. Kuzuia kodi ya pango isipande kwenye nyumba ambazo pango lake linadhibitiwa kisheria kuna bodi ya watu 9 wanaoteuliwa na meya, kwa hiyo hapo mkono wake unafika. Lakini mabasi yako chini ya shirika la jimbo, na kupandisha kodi ya mapato ya matajiri ni mpaka bunge la jimbo na gavana wakubali. Mabango yalikuwa mamoja ila funguo ziko mikononi mwa watu tofauti. Chicago nako Brandon Johnson alishinda umeya 2023, akapeleka kwa wananchi pendekezo la kuongeza ushuru kwenye mauzo ya majengo ya zaidi ya dola milioni 1 ili kusaidia wasio na makazi, Machi 2024 wakalikataa, meya wao wenyewe waliyemchagua.

Na madiwani usiwasahau! Sanders alipoingia baraza lilimkatalia mpaka watu aliotaka kuwateua, mpaka mwaka uliofuata wenzake walipopata viti ndio akapumua. Ada Colau alitoka kwenye harakati za kuzuia watu kufukuzwa majumbani kama wewe tu, akawa meya wa Barcelona 2015, lakini kundi lake lilipata viti 11 tu kati ya 41 vya baraza. Hebu piga picha kila bajeti unaiombea kura hapo. Usigombee peke yako dada, gombea na madiwani wako.

MamaMapacha
Hapo kwenye madiwani umesema kweli tupu.

Nesi_wa_Zamu
Jamani asanteni mpaka machozi yamenitoka, nilikuwa najiona nachanganyikiwa peke yangu. Nimeongea na mume wangu jana usiku, amekubali, mtoto mkubwa bado anawaza na nimemwacha awaze. Jumamosi tunakaa na mwanasheria tupitie sheria ya jiji kifungu kwa kifungu, kila ahadi tuandike pembeni nani ana mamlaka nayo, zile ambazo meya hana nitawaambia watu wazi kwamba hii nitaidai kwa niaba yenu, siwezi kusema nitaitoa. Mabasi kwetu yako chini ya jiji, nimeulizia. Kodi za nyumba bado sijajua, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ya yule bibi.

Pia kuna wenzangu wawili kwenye umoja nataka niwaombe wagombee udiwani kata zao. Nitaleta mrejesho Jumapili.

Kalamu_Nyeusi
Tunasubiri dada. Ukikwama kwenye mahesabu ya kampeni nitumie ujumbe, hiyo ni kazi yangu na sitakutoza.