Je, tasnifu ya biashara inaweza kuchunguza ugonjwa wa migomba?

Mwanafunzi, Mbarara: Wanajamvi, nataka kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioripotiwa hapa Uganda mwaka 2001. Msimamizi wangu, ambaye ni msomi wa biashara, anasema hilo ni suala la wanabiolojia. Niwaachie?

Mtafiti wa mimea: La hasha. Biolojia imeonyesha kwamba wadudu hueneza bakteria wanapotembelea ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, na kwamba panga lisilosafishwa huwahamisha kutoka mgomba hadi mgomba. Ndiyo maana mkulima hushauriwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda. Kwa nini wengine hawafanyi hivyo? Hadubini haijibu.

Mwanasosholojia, Kampala: Muulize mama shambani panga ni la nani, huazimwa na nani, na nani huamua shina lililougua ling'olewe. (Makerere ina taasisi ya utafiti wa jamii tangu 1948, kwa hiyo maswali haya si mageni.)

Mwanafunzi: Nashukuru. Basi nitapima hasara ya mkulima anayeng'oa shina kabla mkungu haujakomaa.