Kaka yangu anataka kumfundisha binti yangu kulenga shabaha: risasi zilizopunguzwa baruti zinamfaa mtoto?

Mama_Ruashi

Wandugu, hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaojua bunduki, maana mimi sizijui na sitaki kubishana na mtu mzima bila hoja. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi kwenye shamba la wanyamapori kule Limpopo, Afrika Kusini. Ana leseni na bunduki ya kuwindia, ya ukubwa wa .308. Binti yangu ana miaka 11, mwembamba, na likizo kubwa hii anakwenda kwa mjomba wake. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba afundishwe kulenga shabaha kama binamu zake.

Kaka anasema nisiwe na wasiwasi. Risasi anazijaza mwenyewe nyumbani, kwa hiyo atapunguza baruti ili zisimpige mtoto teke begani. Je, kupunguza baruti kunatosha? Na kupunguza huko hakuna hatari yake? Baba yake amekubali, lakini bibi yake hapa Ruashi, Lubumbashi, hataki hata kusikia. Nataka nikiongea na kaka nijue ninachouliza.

Mzee_wa_Likasi

Mama, kama shamba lile lina bunduki ya .22, ile ndogo, aanze na hiyo. Teke lake mtoto halisikii kabisa na risasi zake ni za dukani. .308 itamngoja.

Fundi_Kipushi

Shikamoo mzee. Naunga mkono, ila mama ameuliza swali la maana, ngoja nimjibu kwa kirefu.

Dada, teke la bunduki linatokana na mambo manne: uzito wa kichwa cha risasi, mwendo wake, uzito wa baruti inayoungua, na uzito wa bunduki yenyewe. Chukua .308 ya kilo tatu na nusu yenye kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mwendo wa mita 850 hivi kwa sekunde. Teke lake ni kama jouli 20 (jouli ni kipimo cha nishati). Ukiweka kichwa chepesi cha gramu 8 na baruti ya asilimia 60, linashuka hadi jouli 8 hivi. Mtoto atalihisi bado, lakini halitamtisha. Sasa linganisha: bunduki ya .223, iliyo ndogo kuliko .308, yenye risasi za kawaida, bila kupunguzwa chochote, ni kama jouli 5, na .22 haifiki hata jouli moja. Ndiyo maana mzee amekwambia aanze chini.

Hilo neno la "kupunguza baruti" ndilo la kumuuliza kaka yako vizuri. Watu wengi wanadhani baruti ikipungua hatari inapungua. Sivyo. Baruti za bunduki zinatofautiana mwendo wa kuungua. Zile zinazoungua polepole, ukizitia kidogo ndani ya ganda kubwa, zinalala ubavuni, moto wa fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda) unazipitia juu, na shinikizo linaweza kuruka ghafla hadi kupasua bunduki. Imetokea kwa watu waliodhani wanajilinda. Na hata pasipo kupasuka, risasi dhaifu mno inaweza kukwama katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka mbele ya uso wa mtoto.

Risasi nyepesi za kufundishia zipo, na zina utaratibu wake. Unaojulikana zaidi ni wa baruti ya Hodgdon iitwayo H4895. Kampuni yenyewe imeandika kwamba unachukua kipimo cha juu kabisa kilichochapishwa kwenye mwongozo wao kwa risasi hiyo na kichwa hicho, unazidisha kwa asilimia 60, na hapo ndipo mwisho wa kushuka. Hiyo baruti inawaka vizuri hata ganda likiwa na nafasi tupu. Kipimo chenyewe sikiandiki hapa, kinasomwa kwenye mwongozo mpya, hakichukuliwi mtandaoni wala kwa rafiki.

Kwa hiyo muulize: "Kaka, unatumia baruti gani, na kipimo umekisoma wapi?" Akisema "nakisia tu", mtoto asikae nyuma ya hiyo bunduki.

Himbi_Goma

Mama Ruashi, mimi naongea kama mzazi wa Goma. Huku kwetu watoto wanaujua mlio wa bunduki kwa njia nyingine. Tangu Januari 2025 wa kwangu akisikia mlango umegongwa kwa nguvu anakimbilia chini ya kitanda. Sisemi mtoto wako asiende, Lubumbashi si Goma na kulenga shabaha si vita. Nakuomba tu umuulize binti yako akiwa peke yake, bila mjomba kwenye simu: unataka kweli, au unataka kuwafurahisha binamu? Na kaka aahidi kwamba mtoto akisema basi, ni basi siku hiyo hiyo, bila kuchekwa.

Mama_Ruashi

Aksanti sana ndugu wa Goma, maneno yako yameniingia. Nimemuuliza usiku huu wakati nikimsuka. Anasema anataka, lakini anaogopa kelele kuliko teke. Mimi nilikuwa nafikiria bega tu.

Fundi, kaka amejibu: baruti yake ni ya Somchem, na alikuwa anataka kuishusha hadi asilimia 60 kwa sababu alisoma hiyo kanuni mahali.

Fundi_Kipushi

Hapo asimame kwanza! Somchem ni baruti za Afrika Kusini, nzuri tu, wawindaji wa kule wanazitumia miaka yote. Lakini kanuni ya asilimia 60 ni ya H4895, haihamishwi kwenye kopo lingine. Kila baruti ina kipimo chake cha chini kwenye mwongozo wa kiwanda chake, na chini ya hapo hapaguswi. Kama mwongozo wa Somchem hauna risasi nyepesi kwa .308 yake, basi kwa baruti hiyo jibu ni hapana. Atafute H4895 yenyewe au mtoto aanze na .22.

Na akijaza hizo nyepesi, kuna jambo moja la mkono. Maganda yote yaliyotiwa baruti ayasimamishe kwenye kibao chenye matundu, kisha apite na tochi juu ya kila moja kabla ya kuweka kichwa. Baruti ikiwa kidogo, ni rahisi kulijaza ganda moja mara mbili au kuliacha tupu. Baruti zote zinatakiwa zilingane kimo ndani ya maganda. Afyatue za kwanza yeye mwenyewe, arekebishe darubini, kwa sababu risasi nyepesi inapiga chini ya pale ilipozoea kupiga. Mtoto akikosa karatasi mara tatu kwa kosa la darubini, atadhani hajui. Na risasi hizo ni za karatasi na makopo, si za swala.

Siku ya kufyatua, mlio ukitoka dhaifu, "puh", wote wanaacha kufyatua. Bunduki inafunguliwa, inatolewa risasi, na mtutu unachunguliwa kutokea nyuma mpaka mwanga uonekane upande wa pili.

Dada_Katuba

Mimi ni muuguzi, naongeza la masikio kwa sababu mtoto amelitaja mwenyewe. .308 inapita desibeli 150, na hiyo inaweza kuliumiza sikio kwa mlio mmoja tu, lisipone tena. Avae vyote viwili: vizibo vya ndani na vifuniko vya juu, na vifuniko viwe vya saizi ya kichwa cha mtoto. Kama amesuka nywele nene karibu na masikio, vifuniko havikai vizuri, kelele inapita pembeni. Mama, msuke mistari ya kulala chini. Miwani ya kinga pia, si ya jua.

Halafu kichwa cha risasi kina madini ya risasi (kwa Kifaransa plomb), na hata moshi wa fataki una chembe za madini hayo. Baada ya kufyatua anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula chochote, na nguo zile zifuliwe peke yake. Asikae chumbani mjomba anapojaza.

Mzee_wa_Likasi

Nimesahau kitako. Bunduki ya mtu mzima ina kitako kirefu, kama sentimita 35 kutoka kifyatulio, mtoto anahitaji 30 au 32. Akunje mkono, kitako kikae kwenye kiwiko kwa ndani, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha. Kisipofika, atajipinda nyuma na hata teke dogo litamwangusha. Akae mezani, bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga, mgongo wima. Asilale kifudifudi, ukilala mwili hauna pa kurudi nyuma, bega linabeba lote. Na jicho liwe mbali na darubini, watoto wanapenda kusogea ili waone vizuri, kisha wanapasuka nyusi.

Mama_Ruashi

Mzee, aksanti. Na sheria ya kule inaruhusu mtoto wa miaka 11?

Fundi_Kipushi

Leseni yake mwenyewe hapana, ni kuanzia miaka 21. Lakini sheria ya silaha ya Afrika Kusini, namba 60 ya mwaka 2000, kifungu cha 22, inamruhusu mwenye leseni kumpa mtu mwingine atumie bunduki yake akiwa chini ya usimamizi wake wa karibu, kwa njia salama na halali. Maana yake kaka yako asimame pale pale, mkono karibu. Asimwachie binamu mkubwa akaenda kuangalia ng'ombe.

Siku ya kurudi, kaka yako aangalie mifuko na begi lake kabla hajapanda basi. Watoto wanapenda kuchukua maganda matupu kama ukumbusho. Hata moja lisivuke. Atapita mipaka kadhaa kabla ya kufika Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, na hakuna afisa atakayetaka kusikia hadithi ya mjomba.

Mama_Ruashi

Kaka amesoma uzi wote. Ameniandikia kwamba jirani yake wa shamba ana .22 yenye kitako kifupi, na jirani huyo mwenye leseni atasimama pale pale mtoto akiitumia, .308 wataigusa mwaka mwingine akipata H4895. Vizibo vya masikio nanunua hapa mjini kesho, avizoee kabla ya safari. Bibi bado amenuna, lakini ameniuliza hivyo vizibo vinauzwa wapi.