Kifurushi kimebadilishwa kwenye programu ya ankara, lakini mteja anabaki na kasi ya zamani

Swali

Ndugu zangu, nasimamia mtandao wa PPPoE (mteja huunganishwa kwa jina na neno lake la siri) wenye ruta za MikroTik na seva ya RADIUS, yaani ile inayothibitisha wateja na kupokea hesabu za matumizi yao, inayosoma vifurushi kutoka kwenye programu ya ankara. Mteja anapopandishwa kutoka kifurushi cha megabiti 5 hadi cha megabiti 10 katikati ya mwezi, ankara mpya hutoka papo hapo, ila kasi yake haibadiliki mpaka azime kifaa chake na kukiwasha tena. Aidha, katika vifurushi vyenye kikomo cha data, wale wanaotumia sana huonekana wametumia kidogo, na hesabu yao hurudi ghafla karibu na sifuri. Je, tatizo liko kwenye namna nilivyoviunda vifurushi?

Jibu la kwanza

Mambo hayo mawili yana vyanzo tofauti, nami nitajibu la kasi. Seva ya RADIUS huipa ruta masharti ya kifurushi pale mteja anapothibitishwa, na tangu hapo ruta huyashikilia hadi muunganisho ukatike, hata kama kwenye programu umeshabadilisha kila kitu. Ili mabadiliko yamfikie mteja aliyekwisha kuunganishwa, programu haina budi kutuma ombi la CoA (Change of Authorization, yaani kubadilisha masharti ya muunganisho ulio hai), ambalo utaratibu wake umeelezwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 5176 wa mwaka 2008, na poti yake rasmi ni 3799 ya UDP. MikroTik haipokei maombi hayo mpaka uiruhusu. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya RADIUS ya ruta, ruhusu maombi yanayoingia, kisha hakikisha namba ya poti na neno la siri vinalingana pande zote mbili. Programu yako ikiwa haina uwezo wa CoA, iamuru walau ikate muunganisho wa mteja mara kifurushi kinapobadilishwa, naye ataunganishwa upya kwa kasi mpya.

Ukiwa hapo, kagua pia sifa ya Mikrotik-Rate-Limit, ile inayoiambia ruta kasi ya mteja. Huandikwa kwa mtazamo wa ruta, wala si wa mteja: namba ya kwanza ni kile ruta inachopokea, yaani kasi ya mteja ya kupakia. Mteja wa megabiti 10 za kupakua na 2 za kupakia huandikwa 2M/10M. Ukiigeuza, atalipia megabiti 10 na kupakua kwa 2, na ankara yake itaonekana sahihi kabisa.

Jibu la pili

Kuhusu matumizi: Acct-Input-Octets na Acct-Output-Octets, sifa ambazo ruta hutumia kuiripotia RADIUS baiti zilizopokelewa kutoka kwa mteja na zilizotumwa kwake, ni vihesabio vya biti 32, hivyo kila kimoja hufika baiti 4,294,967,296, yaani takribani gigabaiti 4.3, kisha huanza upya. Idadi ya mizunguko iliyokamilika huwekwa katika sifa nyingine, Acct-Input-Gigawords na Acct-Output-Gigawords. Programu isiyozisoma hizo haifai kuuzia vifurushi vyenye kikomo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Hesabu za data zilikuwa zinapuuza Gigawords kweli, na CoA sasa inafika. Limebaki moja: tukipandisha kasi ya kifurushi kwa wateja wote, je, nihariri kifurushi kilekile?

Jibu la tatu

Nakushauri usihariri kifurushi chenye wateja ndani yake, hasa ikiwa bei nayo inabadilika. Katika baadhi ya programu ankara za zamani husoma jina na bei kutoka kwenye kifurushi chenyewe, na mteja akija na malalamiko ya miezi iliyopita utakosa kumbukumbu ya alichouziwa. Unda kifurushi kipya, funga cha zamani kisiuzwe tena, kisha uwahamishe wateja kila mmoja mzunguko wake wa malipo unapoisha.

Anayehama katikati ya mzunguko, mlipishe kwa siku: akiwa amebakiwa na siku 20 kati ya 30, mrudishie theluthi mbili ya bei ya zamani kama salio na umtoze theluthi mbili ya bei mpya, mistari yote miwili ionekane kwenye ankara. Mteja ana haki ya kuona hesabu hiyo mwenyewe bila kulazimika kupiga simu kuulizia. Lijaribu hilo kwanza kwa akaunti ya majaribio, kwa sababu programu nyingine huanzisha mzunguko mpya kuanzia siku ya kuhama, na hapo tarehe ya malipo ya mteja hubadilika bila yeye kujua.