Daktari anaona sukari ya bibi, nyumba yake nani anaiona?

Mjukuu wa Mbagala
Shikamooni wakubwa. Bibi yangu ana miaka 74, anaishi peke yake Charambe. Mimi niko Kimara. Anachoma insulini, na kila kliniki sukari iko juu, daktari anaongeza dozi. Jumamosi nililala kwake ndipo nikaona: kichupa cha insulini kiko juu ya kabati, karibu na bati, joto lote hili. Na unga uliisha tangu Alhamisi, hakutaka kunisumbua. Nililia. Daktari simlaumu, yeye anaona vipimo, bati halioni. Je, ustawi wa jamii wa hospitali wanaweza kusaidia hapa, au wao ni msamaha wa bili tu?

Muuguzi mstaafu
Marahaba mwanangu. Kwanza la haraka: insulini iliyopigwa na joto hupoteza nguvu, na dozi ya bibi imepandishwa juu ya dawa dhaifu. Akipewa kichupa kipya chenye nguvu kamili kwa dozi hiyohiyo, na hajala, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Usibadilishe kimyakimya. Kesho nenda naye, mwambie daktari yote, hata la unga.

Halafu mwombe aandike kwenye faili kwamba bibi aonwe na afisa ustawi wa jamii. Huyo anaweza kuwasiliana na mwenzake wa manispaa, bibi akatembelewa nyumbani. Msamaha nao upo: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Pitia kwa mtendaji wa mtaa akupe barua.

Baba Tandika
Andikiwe kweli, maneno ya mdomo hayatoshi. Kwa mama yangu tulizungushwa wiki tatu, daktari anasema nendeni ustawi, ustawi wanasema rudini kwa daktari. Karatasi ndiyo ilifungua mlango. Na mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wenu, mjumbe atakuwa anamfahamu. Sisi yule dada ndiye aliyemfundisha mama kuweka kichupa kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, ndani ya mfuko usioingiza maji.

Mjukuu wa Mbagala
Asanteni sana. Tumerudi sasa hivi. Daktari alikaa kimya kidogo, akafuta dozi, akaandika nyingine na karatasi ya ustawi. Afisa alimuuliza bibi swali ambalo mimi sijawahi kumuuliza: "Mchana unakula nini, na nani?" Chungu nanunua leo.