Tupeane uzoefu: Kioo cha gari kilishawahi kukupofusha ukiwa barabarani?

Gia ya Tano
Wakuu, leo asubuhi nimeendesha gari kama kipofu. Baridi imenishika, nimewasha gari, hata getini sijatoka kioo cha mbele kimekuwa cheupe pe kwa ukungu! Nikafuta kwa kiganja. Ikabaki mistari ya vidole na mafuta ya mkono, jua lilipoipiga ndiyo sikuona kitu kabisa. Nimefika kazini nimechelewa na mkono mzima wa shati umelowa. Najua siko peke yangu. Yaliwakutaje na mlijinasuaje?

Mama Mapacha
Hauko peke yako. Wangu wawili wakikaa nyuma wanachora sura za watu kwenye vioo. Ukungu unakauka, mimi nasahau. Kesho yake baridi ikirudi, sura zile zile zinatokea tena zinanitazama kwenye kioo cha nyuma.

Saa Sita Usiku
Umenikumbusha kitu nilichokuwa nimeshakizika.

Tulikuwa watano garini, usiku, tunashuka mlima, mvua haina huruma. Tairi likapasuka. Tukashuka wote, huyu anashika tochi, huyu anashika jeki, mpaka tunamaliza kila mtu kalowa chapachapa. Tukarudi ndani tunatetemeka, tukafunga milango, nikapeleka hita mpaka mwisho, hewa yote miguuni maana vidole nilikuwa sivisikii.

Hazikupita dakika tatu. Ukungu ukaanza kupanda kwenye kioo kutoka chini, taratibu, kama maziwa yanayochemka. Nikasema nikimaliza kona hii nitafuta. Kona yenyewe ndiyo ikaja na lori. Zile taa zake zilipogonga kioo, mbele kote kukawa mwanga mtupu. Ukingo wa barabara siuoni, mstari wa kati siuoni. Shemeji yangu aliyekaa pembeni akavua soksi akaanza kunifutia kioo. Soksi yenyewe imelowa! Akawa ananipaka maji juu ya maji. Nikashusha dirisha, nikatoa kichwa nje, mvua inanichapa machoni, nasikia honi ya lori…

Ngoja nipokee mgeni mlangoni, narudi.

Bomba la Moshi
Mkuu umetuacha kwenye kona??

Mama Mapacha
Jamani lori lilipita au vipi? Roho iko juu.

Fundi Spana
Wakati tunamsubiri, Gia ya Tano sikia. Washa AC, peleka hewa kwenye kioo, hita weka moto. Dakika chache tu ukungu unaondoka, kioo kinakuwa safi.

Bomba la Moshi
AC kwenye baridi? Fundi unataka tugande? Baridi juu ya baridi!

Fundi Spana
Nimesema AC NA hita, kwa pamoja. Wewe unadhani AC kazi yake ni kupooza tu. Hewa inapita kwanza kwenye vile vibomba vya baridi, inaacha maji yake pale, ndiyo yale unayoyaona yakidondoka chini ya gari. Halafu inapita kwenye hita, inatoka ina joto na ni kavu. Hewa kavu ndiyo inayolamba ukungu.

Bomba la Moshi
Miaka yote nashusha dirisha kidogo, ukungu unaondoka, na mafuta sipotezi.

Fundi Spana
Na mvua ikinyesha?

Bomba la Moshi
Navaa koti.

Chaki na Ubao
Wote mna haki, acheni kugombana. Hewa ya nyuzi 20 ikishiba inabeba karibu gramu 17 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 0 haifikishi hata gramu 5. Sasa nyinyi mnapumua humo ndani, nguo zinatoa mvuke, hewa ya joto inabeba mzigo wote ule, halafu inagusa kioo cha baridi. Mzigo inautua hapo hapo. Ya nje kukiwa na baridi huwa na maji machache, ndiyo maana dirisha la Bomba la Moshi linasaidia. Na kwenye baridi ya kugandisha AC nyingi zinagoma zenyewe, hapo unabaki na hita na hewa ya nje.

Bomba la Moshi
Asante mwalimu. Fundi umesikia, "dirisha linasaidia."

Kimya Kingi
Mimi nilipaka povu la kunyolea ndevu, niliambiwa linazuia. Nikalipaka kama ninavyopaka kidevuni. Usiku kila taa ya gari ilikuwa na mkia.

Fundi Spana
Unapaka kidogo sana, halafu unafuta kwa kitambaa kikavu mpaka uone kama hujapaka kitu. Na uanze kwa kuosha kioo, uchafu na mafuta ndiyo ukungu unapopenda kushikia.

Mama Mapacha
Nasikia mchanga wa choo cha paka ukiuweka kwenye soksi juu ya dashibodi unanyonya unyevu.

Kimya Kingi
Soksi tena? Muulizeni shemeji wa mlimani.

Saa Sita Usiku
Nimerudi. Yule dereva wa lori Mungu ambariki, alishusha taa na akasimama kabisa, akanipigia honi niendelee kupita. Nikapita kichwa kiko nje kama mbwa. Mbele kidogo pakawa na sehemu pana, nikaegesha, mikono inatetemeka.

Bomba la Moshi
Kwa nini hukusimama mapema? Ukungu unaanza, wewe unaingia kwenye kona?

Saa Sita Usiku
Ungesimama wapi wewe? Kushoto ukuta wa mlima, kulia shimo, nyuma kuna gari limenigandia. Ukisimama ghafla pale unagongwa. Usinihukumu umekaa kwenye kochi.

Na siri yenyewe mnaijua? Mchana nilikuwa nyuma ya gari linalotoa moshi mzito, nikabonyeza kile kitufe chenye mshale unaojizungusha ndani ya gari, moshi usiingie. Nikasahau. Watu watano wabichi tunapumua hewa ile ile kama tuko kwenye sufuria iliyofunikwa.

Fundi Spana
Hicho kitufe! Nusu ya wanaoniletea gari la ukungu nakizima tu, nawarudishia funguo.

Bomba la Moshi
Na pesa unachukua.

Fundi Spana
Ya ujuzi.

Nira
Samahani naingilia. Langu lina ukungu wa mafuta mafuta, haufutiki vizuri, na ndani kuna harufu tamu tamu nikiwasha hita.

Fundi Spana
Dada, acha mambo ya povu. Angalia maji ya rejeta, lazima yanapungua. Hita yako inavuja ndani ya dashibodi, na mvuke wa ile dawa ya kupooza injini iliyomo kwenye maji hayo si wa kuvuta. Injini nayo inaweza kuchemka ikakuacha njiani. Lipeleke kwa fundi leo.

Nira
Kweli yanapungua!! Nilikuwa naongeza tu kila wiki.

Gia ya Tano
Wakuu nimetoka kuangalia. Kitufe kilikuwa kimezimwa. Ila nimeinua mati ya upande wa abiria, kapeti chini limelowa tepetepe. Maji yanatoka wapi na mimi gari siliogeshi?

Fundi Spana
Fungua boneti. Chini ya kioo, pale waipa zinapokaa, kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Majani yakiziba, maji yanatafuta njia ya kwenda kwa abiria.

Gia ya Tano
Nimetoa majani ya kujaza kofia. Na spana namba 10 niliyomgombeza mdogo wangu kuwa kaiiba.

Mama Mapacha
Kamwombe msamaha kwanza. Halafu fundi, zile sura za watoto nazitoaje?