Re: Kisafisha hewa cha kumtengenezea mama Arusha

Shikamoo kaka,

Hicho kisafisha hewa cha boksi ulichokiona huko Marekani kinafaa kabisa kwa kifua cha mama. Kilianza mwaka 2020, wakati wa korona, kwa wazo la Richard Corsi na Jim Rosenthal: filta nne, feni, boksi na selotepu pana.

Ila feni ya huko usiibebe. Ni ya volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivihivi itaungua. Beba filta tu, za inchi 20 kwa 20, daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi laini). Feni ya boksi, ile ya mraba, tutainunua hapa mjini.

Filta nne zinasimama kama kuta, chini kipande cha boksi, juu feni ikivuta hewa kupitia filta na kuipuliza kuelekea dari. Mishale iliyochapwa kwenye filta ielekee ndani. Feni ikiwa ndogo kuliko mdomo wa juu, funika kwa boksi ulilolitoboa tundu la duara kulingana na mapanga yake. Hapo kwenye kuziba ndipo pa kuchukua muda, kaka. Hewa hufuata njia rahisi, na upenyo mdogo tu unapitisha vumbi ulilotaka kulizuia. Na usibane matumizi ukaweka filta moja. Zikiwa nne hewa inapita kwa wepesi, mota haielemewi, na chumba kinasafishwa haraka.

Kiwekwe chumbani anakolala, madirisha yafungwe wakati kinafanya kazi. Vumbi letu la kiangazi kitalipunguza sana, na moshi wa jirani anayechoma taka pia. Lakini gesi hakizuii. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata siku ya baridi kali ya Julai, maana ile gesi yake inaua na filta haiigusi. Hili naomba umwambie mama mwenyewe, wewe anakusikiliza.

----

Marahaba, mdogo wangu. Asante sana. Filta zikichafuka dada wa kazi anaweza kuziosha?

----

Hapana, kaka. Nyuzi zake zina chaji ya umeme inayonasa vumbi laini, na maji yanaiharibu. Zikigeuka kijivu kizito na upepo ukapungua, ni kubadilisha. Kwa vumbi la huku Ngaramtoni, Arusha, usitegemee zifike mwaka. Beba seti mbili, ni nyepesi.